Rust Inakawia Kukompaili? Soma Dalili Kabla Hujauza Laptopu

Jumamosi moja mwezi wa pili, kijana mmoja anayeandika programu kwa lugha ya Rust alipanda ngazi za chumba tunachokutania Tudor, laptopu kwapani, jasho likimchuruzika. Hata salamu hakuimaliza.

"Dada, hii nataka kuiuza. Nikigusa mstari mmoja nangoja dakika 4. Nimeambiwa Rust haiwezekani na RAM ya giga 8."

"Usiuze bado, mdogo wangu. Kaa kwanza, unywe maji. Halafu tuiulize yenyewe inaumwa wapi."

Haikutimia nusu saa, zile dakika 4 zikawa sekunde 12. Hatukununua kitu, wala hatukubadilisha hata herufi moja ya programu yake. Kilichokuwa kikimchelewesha nitakieleza hapo chini, kwa sababu ndicho ninachokikuta mara nyingi kuliko vyote, na ndicho watu wanachokishuku mwisho.

Naandika nikiwafikiria wanaofanya kazi kama yeye: laptopu ya mtumba, joto la Mombasa, bando la data la kuhesabu, stima ya kuja na kuondoka. Miongozo mingi ya jambo hili imeandikwa na watu wenye mashine kubwa, wamekaa vyumba vya baridi. Wasemayo ni kweli, ila mpangilio wake hautufai. Wanaanza na mambo ambayo kwetu ni ya tano au ya sita.

Kwanza pima

Kompaila ya Rust, `rustc`, yaani programu inayogeuza msimbo uliouandika kuwa programu inayoendeshwa, hupitisha kazi kwenye hatua tatu. Mwanzo inasoma msimbo, inafungua makro (vipande vya msimbo vinavyozalisha msimbo mwingine), inahakiki aina za data na kanuni za umiliki na ukopaji. Kisha inaukabidhi msimbo kwa LLVM, ambayo ndiyo inayotoa maagizo ya prosesa. Mwisho kiunganishi kinakusanya vipande vyote na kutoa faili moja inayoweza kuendeshwa. Juu ya hao watatu yupo Cargo, msimamizi anayeamua nini kikompailiwe na nini kiachwe kwa kuwa tayari kipo. Kukawia kunaweza kutoka kwa yeyote kati ya wanne hao, na dawa ya mmoja haimponyi mwingine. Nimeona mtu akihangaika jioni nzima kubadilisha kiunganishi, na kumbe Cargo ndiye aliyekuwa akirudia kazi iliyokwisha kufanywa.

Kwa hiyo anza hapa:

```
cargo build --timings
```

Swichi hii imo katika Cargo ya kawaida tangu toleo la 1.60 la mwaka 2022. Inaacha faili ya HTML ndani ya `target/cargo-timings`, nawe utaifungua kwa kivinjari. Kila kreti ina mstari wake. Kreti katika Rust ni kifurushi cha msimbo ambacho kompaila hukichukua kwa mkupuo mmoja, na neno lenyewe ni lile lile la kreti ya soda. Angalia mambo mawili: kama kuna mstari mrefu uliobaki peke yake huku mingine imekwisha, na kama grafu ya chini inaonyesha viini vya prosesa vimekaa bure. Viini vyote vikiwa kazini mwanzo hadi mwisho, mashine imefika kikomo chake na dawa ni kupunguza kazi. Vikikaa bure, kuna anayengojewa.

Pima mara tatu: ujenzi wa mwanzo kabisa folda ya `target` ikiwa tupu, ujenzi baada ya kugusa mstari mmoja, na ujenzi bila kugusa chochote. Huo wa tatu watu huudharau. Ikiwa hujabadilisha kitu na bado unangoja zaidi ya sekunde moja au mbili, mgonjwa wako umeshampata.

Jambo jingine kabla hatujaingia ndani. Kama unachotaka ni kujua makosa tu, tumia `cargo check`. Haifiki kwa LLVM wala kwa kiunganishi, inaishia kwenye uhakiki. Lakini jua kwamba kinachozalishwa na `check` hakitumiki na `build`: ukiziendesha zote mbili, kila moja itapitia kreti zako kivyake. Anayeandika `check` kisha `build` kila mara anajiongezea kazi.

"Nimegusa mstari mmoja, vyote vimeanza upya"

Hapa ndipo alipokuwa yule kijana. Ukiona majina ya vitegemezi, yaani kreti za wengine ambazo mradi wako unazitumia na hujazigusa, kama `tokio` na `serde`, yakipita tena kwenye skrini, usifikirie kasi kwanza. Uliza kwa nini vinarudiwa. Cargo atakujibu mwenyewe:

```
cargo build -v
```

Kreti ambayo haikuhitaji kazi itaandikwa `Fresh`. Iliyorudiwa itaandikwa `Dirty`, na mbele yake sababu: faili fulani imebadilika, au kigeu fulani cha mazingira (thamani ambayo programu huisoma kutoka kwenye mfumo) kimebadilika. Soma sababu hiyo neno kwa neno. Ukihitaji undani zaidi, weka `CARGO_LOG=cargo::core::compiler::fingerprint=info` mbele ya amri, utapata maelezo marefu lakini ya kweli.

Sababu ya kwanza ni kihariri (unamoandikia msimbo) na terminali (unamoandikia amri) kugombania folda moja. Rust-analyzer, anayekusaidia ndani ya kihariri, huendesha `cargo check` kila ukihifadhi faili. Ikiwa kihariri kimefunguliwa kwa kubofya ikoni na terminali imefunguliwa kivyake, vigeu vya mazingira vinaweza kutofautiana: `PATH` nyingine, au `PKG_CONFIG_PATH` ipo huku na kule haipo. Kreti zenye faili ya `build.rs` inayochunga vigeu hivyo huona mabadiliko, zinajijenga upya pamoja na zote zinazozitegemea. Unarudi kwenye kihariri, unahifadhi, vinabadilika tena. Kila upande unaibomoa kazi ya mwenzake siku nzima. Yule kijana, mwenye Cargo ya zamani iliyorudia kila kitu `RUSTFLAGS` ikibadilika, alikuwa ameiweka `RUSTFLAGS` ndani ya `.bashrc` kwa kufuata ushauri alioupata mahali, na kihariri chake hakikuijua. Tukaitoa pale, tukaiandika ndani ya `.cargo/config.toml` ya mradi, ambako pande zote mbili zinaisoma.

Dalili ya ndugu yake tatizo hilo ni ujumbe huu:

```
Blocking waiting for file lock on build directory
```

Maana yake terminali inangoja rust-analyzer amalize. Matoleo mapya yanaweza kuandika `artifact directory`, ni jambo lile lile. Katika mipangilio ya kihariri weka `rust-analyzer.cargo.targetDir` iwe `true`, naye atapata folda yake ndani ya `target`. Gharama yake ni nafasi ya diski, maana vitegemezi vitahifadhiwa mara mbili. Kama diski yako ni ya giga 128, pima mwenyewe kama inafaa. Mimi naikubali gharama hiyo bila kusita.

Sababu ya pili ni `build.rs` isiyosema inachunga nini. Programu hiyo ndogo huendeshwa kabla kreti haijakompailiwa. Ikiwa haikutaja faili yoyote, Cargo huiendesha tena kila faili yoyote ya kifurushi hicho inapoguswa, hata ukirekebisha README. Mstari mmoja unatosha kuiponya:

```
println!("cargo:rerun-if-changed=proto/malipo.proto");
```

Lakini andika jina la faili iliyopo. Ukitaja faili isiyokuwepo, kwa kukosea herufi au kwa sababu ilihamishwa, Cargo ataiendesha `build.rs` kila mara, milele. Nimeona kosa hili kwenye mradi wa watu watano, na wote watano walikuwa wameshazoea kungoja. Pia usiruhusu `build.rs` iandike faili ndani ya `src`. Faili mpya itaonekana kama badiliko, na mzunguko hautaisha. Pahali pake ni kwenye folda inayotajwa na kigeu `OUT_DIR`.

Sababu ya tatu inatuhusu sana sisi wa mashine za mtumba: saa. Cargo huamua kama faili imebadilika kwa kulinganisha muda wa kuhifadhiwa kwake. Laptopu ambayo betri ndogo ya saa kwenye bodi imekufa hupoteza saa kila inapozima kabisa. Ikiwaka bila intaneti, inaweza kudhani ni miaka kadhaa nyuma. Ukihifadhi faili wakati huo, Cargo ataiona ni kuukuu kuliko matokeo yaliyopo, hataikompaili, nawe utabaki ukishangaa kwa nini rekebisho lako halionekani. Kinyume chake, saa ikiwa mbele kisha ikarudi sawa, faili hubaki na tarehe ya kesho na kreti hiyo hujengwa upya kila ukiendesha amri, hata usipogusa kitu. Andika `date` kwenye terminali. Kama saa ni mbovu, irekebishe, kisha ziguse faili za `src` kwa amri ya `touch` ili zipate muda sahihi. Betri yenyewe ni ya duara, mara nyingi ni ya namba CR2032, na fundi yeyote wa laptopu anaweza kuibadilisha.

Iko na ya nne, kwa wenye mradi wa kreti nyingi pamoja. `cargo build -p api` na `cargo build -p kazi` zinaweza kudai vipengele (features) tofauti vya kitegemezi kile kile, kwa hiyo kinakompailiwa mara mbili kwa sura mbili. Jaribu kujenga mradi wote kwa pamoja kwa `--workspace`, uone kama marudio yanakwisha.

Na tafadhali, acheni `cargo clean`. Wako wanaoiendesha kila asubuhi kama kufagia uwanja. Inafuta kazi yote iliyokwisha kufanywa, na ikionekana imeponya kitu, basi imekificha tu chanzo chake hadi kesho.

"Zimefika zote, imekwama kwenye ya mwisho"

Majina yote yamepita, limebaki jina la programu yako, na hapo pametulia. Fungua `htop`, inayoorodhesha programu zinazoendelea, kwenye dirisha jingine wakati huo huo. Ukiona `rustc` juu, ni kompaila bado. Ukiona `ld`, umefika kwenye kiunganishi.

Kiunganishi ni kama feri ya Likoni. Utoke Ukunda kwa mwendo uutakao, gari lako liwe jipya namna gani, ukifika majini unapanga foleni na wenzako na mnavuka pamoja. Kreti zinaweza kukompailiwa nane kwa wakati mmoja, lakini zote zinaishia kwenye kivuko kimoja. Na kile `ld` cha kawaida cha GNU kinatumia uzi mmoja tu, hata prosesa iwe na viini 16.

Tazama toleo lako kwa `rustc --version`. Tangu 1.90, iliyotoka Septemba 2025, Rust ya Linux kwenye prosesa za x86-64 inatumia kiunganishi cha LLD bila kuambiwa. Kwa wengi wenu dawa nzima ni `rustup update`. Ikiwa Rust yako imetoka kwenye hazina ya mfumo wa uendeshaji, inaweza kuwa kuukuu. Isakinishe kwa `rustup`, maana toleo jipya hutoka kila wiki 6.

Kilicho kasi zaidi ni mold, cha Rui Ueyama, ambaye pia ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya LLD. Kisakinishe pamoja na clang, kisha andika ndani ya `.cargo/config.toml`:

```
[target.x86_64-unknown-linux-gnu]
linker = "clang"
rustflags = ["-C", "link-arg=-fuse-ld=mold"]
```

Ujenzi wa kwanza baada ya hapo utarudia kila kitu, kwa kuwa swichi zimebadilika. Usiogope, upime ule wa pili.

Kabla ya kubadilisha kivuko, lakini, punguza mizigo. Sehemu kubwa ya kinachobebwa kwenye ujenzi wa kawaida ni taarifa za kusaka kasoro: majina ya vigeu, mahali pa kila mstari. Wengi hawafungui kabisa programu ya kusakia kasoro, wanatazama tu namba ya mstari programu inapoanguka. Kwao hii, ndani ya `Cargo.toml`, inatosha:

```
[profile.dev]
debug = "line-tables-only"

[profile.dev.package."*"]
debug = false
```

Sehemu ya pili inazitoa taarifa hizo kwenye vitegemezi vyote, na yako inabaki na namba za mistari. Kama ningeruhusiwa kumpa mtu badiliko moja tu kwenye laptopu ndogo, ningempa hili. Linapunguza kazi ya LLVM, ya kiunganishi na ya diski kwa pamoja.

Ukikwama unapoendesha `cargo test`, hesabu faili zilizomo ndani ya folda ya `tests`. Kila moja ni programu kamili inayounganishwa kivyake. Faili 20 ni mivuko 20. Ziweke kama moduli ndani ya faili moja, kwa mfano `tests/yote/main.rs`, uvuke mara moja.

"Ujenzi wa kwanza ndio unaoniua"

Ujenzi wa kwanza ni mrefu kwa kila mtu. Ukiwa unafanya kazi kwenye mradi mmoja, unaulipa mara moja na basi. Mimi situmii muda mwingi hapa, ila kama mnajenga kwenye seva kila mara, au unabadilisha matawi mengi, inafaa kutazama.

`cargo tree -d` inaonyesha kreti zilizoingia mara mbili kwa matoleo tofauti. Mara nyingi kuinua toleo la kitegemezi kimoja kunaondoa pacha wake. Kisha tazama vipengele. Mtu anaandika `tokio` na kipengele `full` kwa sababu mfano alioufuata uliandikwa hivyo, na anachotumia ni viwili au vitatu. Andika `default-features = false` pale inapowezekana, utaje unavyovihitaji. `cargo machete` itakuonyesha vitegemezi ambavyo havitumiki popote, ingawa hubahatisha mara nyingine, kwa hiyo thibitisha kabla ya kufuta.

Makro za kuzalisha msimbo, zile za `derive`, zina gharama mbili. Lazima makro yenyewe ikompailiwe kwanza, pamoja na kreti ya `syn` ambayo makro hiyo huitegemea, ndipo wanaoitumia waanze. Halafu msimbo inaouzalisha nao unapaswa kukompailiwa. Aina yenye `derive` saba, tano kati yake hazitumiki, ni mzigo unaoubeba bure.

Wenye miradi mingi inayofanana wajaribu sccache, ambayo huhifadhi matokeo na kuyatoa tena. Haihifadhi ukompaili wa nyongeza (incremental, wa sehemu zilizobadilika tu) wala programu za mwisho zinazounganishwa, kwa hiyo itakusaidia kwenye vitegemezi. Isakinishe kwa ajili hiyo tu.

Mstari mmoja mrefu kwenye grafu

Kreti nyingine zote zimekwisha, moja inaendelea peke yake, viini vinapiga miayo. Ikiwa kreti hiyo ni yako, imekuwa kubwa mno. Igawe, lakini igawe kwa busara. Kilicho chini kabisa, kinachotegemewa na wote, kiwe ni kile kisichobadilika kila siku. Nimeona mradi wenye kreti iliyoitwa `pamoja`, kila mtu akitupia humo alichokosa pa kukiweka. Kila aliyeigusa aliwajengesha upya wengine kumi. Kugawa kwa namna hiyo ni heri kutogawa.

Inawezekana pia tatizo si ukubwa wa msimbo ulioandika bali ule uliozaliwa kutokana nao. Kazi (function) ya jeneriki, yaani inayokubali aina nyingi za data, hunakiliwa na kompaila kwa kila aina inayoitumia. Ukiiita kwa aina 30, LLVM inapokea nakala 30. `cargo llvm-lines` inakuorodheshea kazi zilizozalisha mistari mingi zaidi, na orodha hiyo mara ya kwanza humshangaza kila mtu. Dawa inayotumiwa hata na maktaba ya msingi ya Rust ni kuacha ganda jembamba la jeneriki nje na kuutia mwili wote ndani ya kazi ya aina moja:

```
pub fn soma<P: AsRef<Path>>(njia: P) -> io::Result<Vec<u8>> {
    fn ndani(njia: &Path) -> io::Result<Vec<u8>> {
        // mwili wote uko hapa
    }
    ndani(njia.as_ref())
}
```

`std::fs::read` imeandikwa hivyo hivyo. Ganda linanakiliwa, mwili unakompailiwa mara moja.

"Asubuhi ni kasi, mchana inalala"

Hili halimo kwenye miongozo ya wenzetu, na huku kwetu ni la kweli kabisa. Miezi ya kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, chumba cha Mombasa kisicho na kiyoyozi hupita nyuzi 30 mchana. Prosesa ikikaribia kikomo chake cha joto, ambacho kwa nyingi za Intel za laptopu ni karibu na nyuzi 100, hujipunguzia mwendo ili isiungue. Kukompaili kunatumia viini vyote kwa pamoja kwa dakika nzima, na ndiyo kazi inayofichua udhaifu huo.

Jaribu hivi. Pima ujenzi kamili alfajiri, kisha upime ule ule saa nane mchana. Wakati unaendelea, tazama:

```
watch -n1 "grep MHz /proc/cpuinfo"
sensors
```

Ikiwa namba za mwendo zinaanza juu na kuporomoka baada ya nusu dakika huku joto limegota palepale, umepata jibu, na hakuna kiunganishi kitakachokusaidia. Toa vumbi kwenye feni. Hewa ya chumvi na unyevu wa pwani hugandisha vumbi likawa kama utando, na chuma cha kupoozea kinaziba taratibu bila wewe kujua. Mwambie fundi abadilishe pia ile dawa nyeupe au ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na chuma, maana kwenye mashine ya miaka saba huwa imekauka. Inua laptopu ipate hewa chini, isikae kitandani wala juu ya kitambaa. Na usidharau `cargo build -j 3` kwenye prosesa ya viini vinne: ikiwa joto ndilo linalokubana, viini vichache visivyokatizwa mwendo wakati mwingine humaliza mapema kuliko vyote vikijikokota.

Stima ikipotea, laptopu nyingi huhamia hali ya kuokoa betri na kupunguza mwendo, na mara nyingine hazirudi stima ikirudi. `powerprofilesctl get` itakuambia uko hali gani.

Ujenzi unauawa katikati

```
(signal: 9, SIGKILL: kill)
```

Hapa msimbo hauna kosa. RAM imejaa na kiini cha Linux (kernel, si kile cha prosesa) kimemuua aliyekuwa anakula nyingi. Hakikisha kwa `journalctl -k`. Punguza kazi zinazoenda pamoja kwa kuandika `jobs = 2` chini ya `[build]` kwenye `.cargo/config.toml`, funga kivinjari chenye vichupo 40, na uwashe zram, ambayo hubana kurasa za RAM badala ya kuzitupa diski. Ikiwa haiuawi lakini kila kitu kimeganda hata kipanya, endesha `vmstat 1` na utazame safu za `si` na `so`. Zikiwa na namba kubwa mfululizo, mashine inahamisha RAM kwenda diski na kurudi, na tatizo ni lile lile.

Imesimama kwenye `Updating crates.io index`

Huo ni mtandao, kompaila bado haijaanza. Kabla ya toleo la 1.70 la Juni 2023, Cargo ya kawaida ilipakua orodha nzima ya rejista ya crates.io, ghala la kreti, kwa Git. Sasa inachukua tu kurasa za kreti unazozihitaji, kwa hiyo aliyebaki na toleo kuukuu analipa bando kwa kitu asichokitumia. Kebo za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika nchi kavu hapa hapa Mombasa mwaka 2009, lakini data ya simu bado tunainunua kwa kipimo. Ukiwa penye Wi-Fi, endesha `cargo fetch`. Ukiwa nyumbani, `cargo build --offline`. Kwa safari ndefu, `cargo vendor` inakuwekea vitegemezi vyote ndani ya mradi, nayo itakuonyesha mistari ya kuongeza kwenye `config.toml`.

Ujenzi wa `--release`

Huu ni wa programu ya kuwapa watumiaji, nao ni mrefu kwa makusudi. Ila kama mtu ameandika `lto = "fat"` (kuboresha programu nzima wakati wa kuunganisha) na `codegen-units = 1` (kutoigawa kreti vipande), muulize kama amepima faida yake. Chaguo-msingi la vipande 16 linaruhusu viini kugawana kazi, na `lto = "thin"` mara nyingi hutosha. Kwa kazi ya kila siku inayohitaji kasi kidogo, `opt-level = 1` kwenye `[profile.dev]` ni njia ya katikati.

Kwenye Windows

Antivairasi hukagua kila faili ndogo inayoandikwa kwenye `target`, na ni maelfu. Unaweza kuitoa folda hiyo kwenye ukaguzi, ukijua kwamba unapunguza ulinzi: `build.rs` ya kitegemezi chochote ni programu inayoendeshwa kwenye mashine yako. Kwa mtumiaji wa WSL2, yaani Linux ndani ya Windows, hamisha mradi kutoka `/mnt/c` uuweke ndani ya folda ya nyumbani ya Linux. Tofauti utaiona siku hiyo hiyo.

Umepima yote, viini vyote viko kazini, bado ni polepole

Sasa ndipo pesa inapozungumzwa. Kama diski yako ni ile ya kuzunguka, anza na SSD. Kama tayari ni SSD na `vmstat` imekuonyesha RAM inahamishwa, nunua RAM. Prosesa, yaani laptopu nyingine, iwe ya mwisho kabisa. Na kabla hujatoa shilingi, fungua kifuniko cha chini au mwambie fundi akufungulie, kwa kuwa laptopu nyembamba nyingi zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi na hazina nafasi ya kuongeza nyingine.